Mtoto Amelala Mkingamo

Wadi ya wazazi, Nyamira
Jumapili

Mama,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje, bado inavimba jioni? Na mvua je, imefika Mwatate? Kule Ikonge haituachi. Chai imenawiri na matope yako mpaka mlangoni. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, na mimi nikisikia sauti yako nashindwa kusema. Mwalimu mwenzangu anakwenda kwao Voi wiki hii, ndiye atakayekuletea barua.

Mama, naogopa. Bora nianzie hapo.

Wiki mbili zilizopita mkunga wa kliniki alinipapasa tumbo, akapapasa tena. "Mtoto amelala mkingamo," akasema. "Kichwa kiko huku ubavuni, matako kule." Akauchukua mkono wangu nikashika mwenyewe, kitu cha mviringo, kigumu, upande wa kushoto. Alisema huenda akageuka. Asipogeuka, nitapasuliwa. Na chupa ikipasuka akiwa amelala vile, kitovu kinaweza kutangulia kutoka, na hapo muda wa kumwokoa mtoto ni mfupi sana. Alieleza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Tangu siku hiyo natembea kama niliyebeba beseni la maji lililojaa.

Nilimwambia mama mkwe. Unamkumbuka, yule aliyekushika mkono muda wote siku ya harusi ingawa hamkuelewana lugha. Ni mwema kwangu. Lakini aliposikia neno kupasuliwa aliweka sufuria chini.

"Hapana kisu," akasema. "Kuna mama moja Magwagwa anajua kugeuza. Hii mtoto itageuka tu."

Nilikataa mara mbili. Ijumaa nilipotoka shuleni nilimkuta huyo mama ameketi ananingoja, na nguvu za kukataa mara ya tatu sikuwa nazo. Nikalala mkekani. Mwanzo alinisugua polepole kwa mafuta ya moto. Kisha akaweka mkono mmoja kichwani kwa mtoto na mwingine matakoni, akasukuma. Mama, niliumia hadi nikamkamata kifundo cha mkono. "Basi, mama. Tafadhali." Akaacha, wala hakunigombeza. Wakaongea Kigusii na mama mkwe, mimi nikishika neno moja tu, omwana, omwana, yaani mtoto.

Jioni hiyo mtoto hakucheza. Nikanywa chai yenye sukari nyingi, nikalalia ubavu wa kushoto. Hakucheza. Asubuhi, siku ya Sabato, kimya. Wote walikuwa wamekwenda kanisani. Mimi nilisema nitapumzika. Mume wangu Onchari anaongoza kwaya, kwa hiyo simu yake ilikuwa imezimwa. Nikatoka kwa miguu. Kanisa si mbali, lakini njia siikumbuki. Niliwakuta wanaimba. Nikapita katikati ya mabenchi na kandambili zangu na leso ya jikoni, watu wote wananitazama, nikafika mbele nikamwambia, "Mtoto hachezi." Akafunga kitabu cha nyimbo, akampa aliyesimama karibu naye, tukatoka.

Hospitalini mkunga aliweka kile chombo cha kusikilizia hapa, akahamisha pale, akarudisha hapa. Hakuna kitu. Nikakuomba wewe msamaha moyoni, sijui kwa nini wewe. Ndipo tukausikia moyo wake, mbio mbio. Onchari akakaa chini sakafuni.

Bado yuko mkingamo. Daktari alisema kule kusukumwa kungeweza kubandua kondo la nyuma, na tungepotea wote wawili. Wamenilaza. Upasuaji ni kesho asubuhi.

Mchana huu mama mkwe ameniletea uji. Alikaa kitandani, akasema. "Dada yangu aliingia hivi kupasuliwa. Aliingia na miguu yake mwenyewe. Hakurudi." Hajawahi kumwambia hata Onchari. Kisha akasema, "Nilikuwa naogopa tu, mwanangu." Nikamwambia hata mimi. Tukakaa hivyo, uji ukapoa.

Najua ukisoma hapa mambo yatakuwa yameshakwisha, kwa njia moja au nyingine. Niombee hata hivyo. Wanakuja kunipima, naacha kwanza.

Jumatano

Mama, niko hai. Ni msichana, na yuko hai.

Walinidunga sindano ya mgongo, miguu ikawa si yangu. Maumivu hayakuwepo, ila nilihisi mikono inapekua ndani yangu kama mtu anayetafuta kitu mkobani. Wakamtoa. Sikusikia kilio.

"Mbona kimya?" nikauliza.

"Subiri, mama," mkunga akasema.

Nilisubiri nikiangalia taa. Sijawahi kuogopa vile, hata pale kanisani. Kisha akalia, kilio chembamba cha hasira, na daktari akasema, "Huyu alikuwa amejilalia kama yuko kwenye machela."

Mshono unauma nikikohoa. Maziwa yameanza kutoka leo. Njoo, Mama, miguu ikikuruhusu. Onchari atakupokea Kisii mjini. Nisalimie kaka Mwakio, mwambie sasa yeye ni mjomba wa mtu. Msalimie shangazi wa dukani, na yule jirani anayekutekea maji, mwambie nimemshukuru.

Nilidhani akishatoka hofu itaniisha. Haijaisha. Akilala sana naweka kidole chini ya pua yake nisikie pumzi. Wakunga wananicheka. Mama mkwe hanicheki. Leo mchana nilikuwa nimefumba macho nusu, akadhani nimelala, nikamwona anainama polepole juu ya mtoto na kuweka kidole chake chini ya pua.

Ni mimi bintiyo,
Wakesho