Mzee Amenipa Firigisi

Dada yangu Nanjala,

Baridi ya hapa Uthiru inauma, lakini leo sikuisikia. Binti yangu Nekesa ameanza kazi ya ukarani mjini, akatupikia kuku wa mshahara wake wa kwanza. Akanitilia paja mbele ya baba yake. Wewe wajua kwetu mwanamke hali kuku. Nikamega ugali tu, macho chini. Mzee wangu akachukua firigisi, fungu la mwenye mji, akaiweka kwenye sahani yangu.

“Kula, Mama Nekesa,” akasema. “Ni jembe lako lililomsomesha huyu.”

Nimekula, dada, hata mifupa nimeitafuna. Nisalimie wasichana wako wote, na uwaambie kuku ni mtamu.

Ndugu yako akupendaye,
Nafula