Mama, Mwenyekiti Amekatwa Kucha

Mama,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa ile sauti yako ya kuvuta, mpaka Nasra akageuka kuangalia nani kaingia. Huyo mjukuu wako sasa anatambaa. Ukimwacha kidogo tu, unamkuta chini ya kaunta ya duka anaonja vumbi la sementi.

Nimekaa kukuandikia kwa sababu kuna habari njema, na wewe ndiye uliyestahili kuisikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwenyekiti amekatwa kucha, na haendi Maretadu. Acha nikueleze toka mwanzo, maana ukisikia upande wa Shangazi peke yake utadhani tulikuwa tunafuga chui.

Unakumbuka sungura huyu alivyoingia nyumbani. Mama Emanueli wa kijiji cha Daudi alikuja mjini kununua mabati, akakuletea kikapu kimefunikwa kitambaa. "Mchuzi wa Idi huo, Mama Zuhura." Ukashukuru, ukafunua kitambaa, na mchuzi ukaishia hapo hapo. "Huyu ameshanitazama," ulisema. "Siwezi kumpika mtu aliyenitazama." Idi ile tulikula kuku. Jina la Mwenyekiti ulimpa wewe, kwa sababu hakuwa na kazi yoyote lakini kikao chochote kikianza yeye yuko mbele. Mbulu nzima ilitucheka, sungura wa kulala ndani kwenye nyumba yenye sufuria! Wewe ulicheka nao, huku unamchambulia majani.

Na Ijumaa zako, Mama. Asubuhi, kabla watu hawajaoga kwa ajili ya msikitini, ulitandika mkeka uani penye jua, ukakaa na kikata kucha chako, nasi tukaja mmoja mmoja. Foleni ilimalizika na Mwenyekiti. Ulimviringisha kanga mwili mzima, ukabakiza kichwa, kisha ukatoa mguu mmoja mmoja. Ka, ka, ka. Watoto wa jirani walikuwa wanapanda ukuta kuja kumwona sungura anayejiandaa na Ijumaa.

Ulipoondoka, hakuna aliyekumbuka kucha za mtu yeyote. Nyumba ilijaa watu, halafu ikabaki na sisi tu. Na Baba akanyamaza. Sisemi kwamba alinuna, wala hakulia mbele yetu. Duka alifungua, misumari alipima, chenji alirudisha, ila maneno ndiyo yalikuwa yamemwisha. Nikimuuliza tupike nini, anainua mkono tu. Mwenye bahati ya kuongeleshwa alikuwa Mwenyekiti peke yake. Kila asubuhi Baba alimpelekea majani, akachuchumaa, akamweleza kwamba bati limepanda bei tena na kwamba huko Daudi mvua imekuja vizuri. Mimi niko jikoni, mwiko mkononi, nimebana pumzi nisikie. Uji umeungua sana kwa ajili hiyo. Nilikuwa nimeikosa sauti yake, Mama, nikaichukua hata hiyo ya kuibia ukutani.

Sasa sikia. Sungura wa porini anachimba, kucha zake zinalika zenyewe. Wa kwetu anachimba nini? Anaishi juu ya sakafu uliyosimamia mwenyewe ipigwe niru mpaka ikang'aa. Kucha zikakua. Akipita unamsikia, kwa-kwa-kwa, kama bibi harusi mwenye viatu vya kuazima. Zikaanza kupindia pembeni na kunasa kwenye mkeka. Halafu siku moja Nasra akamkumbatia kwa mapenzi yake yote, Mwenyekiti akaruka kujiokoa, na mkono wa mtoto ukabaki na mchirizi mwekundu toka kiwiko hadi kiganja.

Shangazi alikuwepo. Unamjua wifi yako. Alikuja kutoka Dongobesh kwa ajili ya msiba na hajarudi mpaka leo, na kusema kweli bila yeye tungelala njaa. Lakini siku hiyo alisimama katikati ya uani, kanga kiunoni, akatoa hukumu. "Mnyama ana kucha za chui na nyumba ina mtoto mchanga! Mpaka mnada wa mwezi ujao ziwe zimekaa sawa. La sivyo anapanda gari, anakwenda Maretadu kwa shemeji." Sote tunamjua shemeji wa Maretadu. Sungura akifika kwake haulizwi habari za safari. Nikamtazama Baba. Kikombe chake kilisimama njiani, hakikufika mdomoni. Nikajiuliza, Mwenyekiti akiondoka, huyu mzee ataongea na nani?

Basi nikatoa kikata kucha chako kwenye kopo lake na kutandika mkeka. Ijumaa ya kwanza nilijiona fundi. Nilimviringisha kama ulivyokuwa unamviringisha wewe, nikakata za mbele zote. Nilipogusa mguu wa nyuma alinipiga teke la tumbo, nikaahirisha kikao. Ijumaa iliyofuata nikaanza tena na zile za mbele, maana ndizo alizokubali kunipa. Hazikuwa na cha kukatwa, lakini nilijua wewe hukuwahi kuruka Ijumaa hata moja, nikakata. Ijumaa nyingine nikakata tena, na Mwenyekiti akapiga yowe. Mama, mimi sikujua kama sungura ana sauti! Nilikuwa nimefika kwenye ule mshipa wa ndani ya ukucha, na damu ikadondoka kwenye kanga yako ya buluu. Shangazi alikuja mbio na unga wa ngano, akaukandamiza kwenye ukucha mpaka damu ikakata, na mdomo wake haukupumzika. "Unamkata kucha, au unamkata mguu?"

Baada ya hapo Mwenyekiti alihamia nyuma ya mabati ya duka yaliyoegemezwa uani. Ukinyoosha mkono anaukwangua kwa zile kucha za nyuma ambazo hakuna aliyezigusa. Kesho yake asubuhi Baba alikwenda na majani, akachuchumaa, akasubiri. Hakutoka. Baba akarudi na majani yake mkononi, akayaweka juu ya kaunta, akafungua duka. Siku hiyo hapakuwa na sauti kabisa ndani ya nyumba, na mimi nililia juu ya uji. Nakwambia wewe tu.

Mnada ulipokaribia Shangazi alitoa tenga, akaliweka mlangoni ili sote tulione. Ilikuwa Ijumaa. Nikatandika mkeka kwa mazoea, nikakaa nao peke yangu bila kujua nifanye nini. Baba akatoka dukani, akavua viatu, akakaa pembeni yangu.

"Zuhura," akasema, "mama yako hakuwa anakata kila Ijumaa."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akaendelea. "Alikuwa anamshika tu. Anatazama kucha, anakiliza kikata kucha hewani, ka, ka, anamwachia. Kukata kwenyewe ni mwezi ukipita, au zaidi. Mimi nilikuwa namwona toka dirisha la dukani. Nikamuuliza, mbona unamdanganya mnyama wa watu? Akasema, akizoea kushikwa, siku ya kukata haitakuwa vita."

Mama! Miaka yote ile tulikuwa tunasikiliza hewa! Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na Baba akacheka, kicheko chenye kutu, kama mlango wa stoo. Maneno mengi namna ile hayakuwa yamemtoka tangu tukuzike. Shangazi alichungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi, na ugali ukashika chini ya sufuria.

Baba akalala chali pale pale kwenye mkeka, mzee mzima, majani juu ya kifua, akaanza kuongea na mabati. Akaeleza bei ya misumari. Akaeleza nani kaja kununua na nani kauliza tu. Jua lilikuwa limeshasogea wakati pua ilipojitokeza, halafu masikio, halafu Mwenyekiti mwenyewe, akapanda kifuani kwa Baba kama anayerudi ofisini. Baba akamzungushia mkono, kiganja kingine akakiweka chini ya makalio yake ili asirushe miguu akajiumiza mgongo. Mimi nikawasha tochi ya simu. Zile kucha nyeupe zinaonyesha mshipa wenyewe, wa waridi, unajua kabisa pa kuishia. Zile nyeusi hazisemi kitu, hivyo nikamega ncha tu, kidogo, nikatazama, nikamega tena. Za nyuma zote zikapungua. Za mbele sikuzigusa, nilikiliza kikata kucha hewani tu. Mwenyekiti alikuwa anatafuna.

Shangazi akaja kukagua. Hakutuamini kwa macho. Akachukua mguu mmoja mmoja, akaupitisha kwenye shavu lake mwenyewe, juu, chini, mbele ya watoto wa jirani waliokuwa ukutani. "Haya," akasema, "huyu sasa ni mtu." Tenga lilikwenda mnadani likarudi na viazi.

Walipoingia wote ndani, Baba alibaki amelala, Mwenyekiti kifuani. Nikadhani amesinzia. Halafu akainua mikono yake akaitazama, mbele na nyuma.

"Hata mimi," akasema, "kucha zangu hazikuwa ndefu kila Ijumaa. Lakini nilikuwa nakuja."

Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile, ndiyo maana nakuandikia. Nilidhani tulikuwa tunapanga foleni kwa sunna na usafi, na kweli tulikuwa, lakini wewe ulikuwa unamshika kila mtu wa nyumba hii mkono, na hakuna aliyegundua isipokuwa yeye. Na toka uondoke hakuna mtu aliyemshika mkono Baba zaidi ya wale waliokuja kumpa pole.

Lala salama, Mama yangu. Nakuombea kila siku, na nakukumbuka nikiwa nacheka zaidi kuliko nikiwa nalia, nadhani hilo utalipenda. Nakuahidi jambo moja. Ijumaa hii nitamwita Baba kwenye mkeka kabla ya wote, nitamshika mkono, nitautazama bila haraka. Na kama kucha zake ni fupi, sitamwambia.

Mwanao,
Zuhura