Kidole Kinacholala

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kidole cha shahada kimechorwa mistari sita. Nyuzi sita, mistari sita! Binti yangu Abigaël ameniambia kinafanana na daftari lake.

Leo baada ya mazoezi ya kwaya Osée, mpiga gita wetu, amenionyesha baré. Kidole kimoja kinalala juu ya nyuzi zote, vingine vitatu vinatengeneza akordi. Eti ni hivyo tu. Hivyo tu! Nimebonyeza mpaka jasho, gita likatoa sauti ya sufuria iliyopasuka. Osée hakucheka, kijana ana adabu. Alisema tu kwamba nashika shingo ya gita kama mkasi. Kweli. Miaka yote hii ya kushona, mkono wangu unajua namna hiyo moja.

Nikamuuliza kwa nini nisibaki na akordi zangu rahisi, Do na Sol na ndugu zao.

— Mama Abigaël, ile akordi yako inakaa fasi moja. Mama Monique, yeye anatembea.

Mama Monique ndiye mwanzishaji wetu. Hapewi sauti na mtu. Anasimama, anafungua kinywa pale koo lake lilipoamkia siku hiyo, na sisi wengine tunamfuata. Leo chini, Jumapili juu. Mpiga gita ndiye wa kumtafuta. Na kwa baré anatafutika: umbo la vidole ni lile lile, unalisukuma tu juu ya shingo mpaka mkutane. Raha kabisa — kwa mwenye vidole vya chuma.

Jumatano, 10 Septemba

Mume wangu Alexis amerudi kutoka ziwani Tchomia na samaki wake. Nyumba yote inanuka moshi, na mimi nimefurahi, nilimkumbuka. Kakaa uani akinisikiliza kwa muda mrefu.

— Unachinja nini humo ndani?

Nikamwonyesha kidole. Akasema kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi nataka kimoja kikandamize nyuzi sita! Tumecheka mpaka jirani akachungulia. Kisha akaniletea maji ya uvuguvugu yenye chumvi nilowekee vidole. Huyu mume, akimaliza kuchokoza huwa ni mwema sana.

Jumamosi, 13 Septemba

Mazoezi mabaya.

Osée anahamia Kisangani mwisho wa mwezi, kwa kaka yake. Kwa hiyo Vital, kiongozi wetu, amemleta Nathanaël na kinanda chake cha umeme. Kijana mzuri, viatu vinang'aa. Ila anapiga kwa Do peke yake. Mwanzishaji asipoanzia kwa Do, anainua mkono na kusimamisha watu.

Akamsimamisha Mama Monique. Akambonyezea sauti. Mama akajaribu. Akasimamishwa tena. Mara ya tatu sauti haikutoka kabisa, ikawa pumzi tu, na nyimbo zenyewe ni za kwao Djugu, alizozileta kichwani siku walipokimbia vita bila hata sufuria. Akaketi. Akatengeneza kitambaa chake vizuri.

— Haina neno. Mimi nitakuwa naitikia tu. Ule mwengine aanzishe.

Ilinichoma. Nilipokuwa mgeni katika kwaya hii, nikiogopa hata kukohoa, ni yeye aliyenisogezea nafasi kwenye benchi. Siwezi kumwona akikaa nyuma kama mtu aliyekuja kusalimia!

Mkono wangu ukainuka wenyewe. Nikasema nitapiga mimi. Vital akaniuliza kama najua baré. Nikasema najua.

Najua! Mdomo huu utaniua siku moja. Vital amenipa Jumapili ya tarehe 28, Osée akiwa bado yupo. Nikishindwa, tunachukua kinanda, na kila wimbo utaanzia kwa Do.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimepata dawa! Vijana wa hapa mtaani Saio, wanaofundishwa gita na Osée, wanafunga kalamu ya risasi kwenye shingo ya gita kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Kalamu ndiyo inalala badala ya kidole. Nimejaribu: sauti safi, kidole kimepumzika. Wanafunzi wa Osée ni werevu kuliko Osée.

Jumamosi, 20 Septemba

Aibu!

Nilifunga kalamu pale Mama Monique alipoanzia Jumatatu ile ya tarehe 8. Nikakaa kama bibi arusi. Vital ndiye aliyemsukuma aanzishe, mama akasimama — akaanzia juu zaidi. Kalamu iko huku, yeye yuko kule. Nikaanza kufungua mpira, kwaya inaimba. Nikasogeza kalamu, wako ubeti wa pili. Nikavuta mpira kwa nguvu, ukakatika, kalamu ikaruka ikamgonga Vital kifuani. Wimbo ukaisha bila gita.

Nathanaël aliokota kalamu, akanirudishia kwa mikono miwili. Heri angecheka.

Osée yeye alicheka, safari hii adabu ilimshinda.

— Mama, ile kalamu inajua kulala. Kutembea haijui.

Jumatatu, 22 Septemba

IMELIA!

Niandike ilivyokuwa, nisisahau. Osée alipita asubuhi, akanikuta nabonyeza kwa nguvu zote. Akaniambia nisiue shingo ya gita kwa gumba. Nigeuze kidole kidogo, kilalie ubavu, upande wenye mfupa, kisha nivute na mkono mzima kutoka begani. Nikasema ndiyo ndiyo, nikaendelea kubonyeza vile vile. Mtu mzima hafundishiki haraka.

Alipoondoka nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuweza kubonyeza tena. Nikaegemea ukuta, gumba likalegea lenyewe, mkono ukaning'inia na uzito wake. Nikapiga. Nyuzi zote. Zote! Fa, safi, kama ya redioni. Nikasukuma mbele: Sol. Mbele tena: La. Nikapiga kelele, Alexis akatoka mbio na sabuni usoni, akidhani nimeungua.

Nimekuwa na furaha ya kijinga siku nzima. Nimeshona mfuko wa shati ndani nje na sikujali.

Jumatano, 24 Septemba

Si kila mara. Uzi wa nne kutoka chini bado unakoroma. Nikihama haraka, kidole kinachelewa. Lakini nafika.

Alhamisi, 25 Septemba

Mama Monique alikuja kutoka mtaa wa Ngezi nimpunguzie sare ya kwaya kiunoni. Amekonda tena. Nilimwacha ndani avae, mimi nikabaki kwenye mashine. Nikamsikia anaanza wimbo, anakata. Anaanza, anakata. Kila mara mahali pale pale, juu kidogo kuliko koo lake la leo. Nilichungulia: mishipa ya shingo imesimama, mkono kifuani.

Nikamuuliza anafanya nini.

— Nasikia Osée anasema Sol ndo iko muepesi kwako. Niko natafuta njia yake. Jumapili nitaanzia pale, vidole yako isiumie, mwana wangu.

Mimi nalala na vidole vya kuvimba ili nimfikie, naye anajiumiza koo ili anifikie mimi! Nilitaka kumwambia aache. Nikainama, nikajifanya natafuta pini. Nikamshonea sare, nikamsindikiza mpaka barabarani, na bado sikusema kitu. Nampenda mama huyu, basi.

Jumapili, 28 Septemba

Ndani ya kanisa. Naandika kwa kuficha, daftari liko nyuma ya gita. Matangazo ya leo ni marefu, Mungu ambariki katibu: ubatizo, kazi ya Jumamosi, mtu aliyepoteza ufunguo. Baada yake ni sisi.

Osée ameketi katikati ya waumini, si kwetu. Kusudi, nipige peke yangu. Nathanaël yuko pembeni na kinanda chake, kimefunikwa kitambaa. Vital ananitazama, anatazama kinanda, ananitazama.

Asubuhi baré ililia vizuri, mara mbili ikakoroma. Viganja vimelowa, nimevifuta kwenye sketi. Sina hofu kama nilivyodhani. Nina hofu, lakini chini yake kuna furaha, nimeigundua sasa hivi.

Mama Monique ameinama sasa hivi kwenye sikio langu. Sauti yake ya leo iko chini sana, nimeisikia katika salamu. Mbali na Sol. Kashika koo.

— Nianzie kwako?

Safari hii nimesema.

— Hapana, mama. Anzia kwako. Mimi nitakuja.

Amenitazama. Ameondoa mkono kwenye koo.

Katibu amefunga karatasi yake. Kwaya inasimama. Mama amepiga hatua yake moja mbele, ile ya kila Jumapili, anavuta pumzi — bado hajafungua kinywa, na mimi kidole changu bado sijakilaza popote