Mstari wa Nyumba Yetu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la saruji kimekuacha. Sisi huku ni wazima sote watatu, na safari hii nikisema wazima nasema kwa moyo, si kwa mazoea ya barua. Bibi anakula vizuri na anagombana na Mama kuhusu chumvi kila mlo, kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu ya mama yako.

Najua Mama alikusimulia habari za mvua ya mawe kwenye simu, ila mtandao ulikuwa unakatikakatika. Mimi nilipopewa ile simu nilisema “ndiyo, Baba” mara tatu, nikairudisha. Unanijua. Ndiyo maana naandika.

Nianze na kazi niliyoipata, maana hukuisikia vizuri. Nilipomaliza shule, mwalimu wetu wa jiografia alinipeleka kwa bwana mmoja wa ofisi ya maafa. Watu wanamwita Bwana Ramani, kwa sababu hatembei bila ramani iliyokunjwa kwapani. Ramani yenyewe ina madoa mekundu kila mahali mawe yalipoanguka miaka ya nyuma, na tambarare yetu imejaa madoa hayo kama mtoto mwenye surua. Alitaka mtu mwenye mwandiko mzuri apite nyumba arobaini na tatu, apande ngazi, atazame paa, kisha aandike kwenye fomu “imara” au “dhaifu”. Nyumba zenye paa dhaifu zingeletewa mabati mazito kabla ya msimu wa mvua. Mwalimu alimwambia kwamba mimi ni mtoto wa fundi paa, nilishika misumari kabla ya kushika kalamu.

Baba, kupanda ngazi hakukunishinda. Kilichonishinda ni kubisha hodi. Nilikuwa nasimama nje nikikohoa mpaka mbwa wabweke, ndipo mwenye nyumba atoke. Jirani yetu mshonaji alinishangaa, akaniuliza kama nimekuja kupima paa au kuuza kikohozi. Nilipoandika kwamba paa lake ni dhaifu alikasirika kabisa. Alisema nazunguka nikihesabu matobo ya watu kana kwamba sisi kwetu tunalala chini ya dhahabu. Nilishuka ngazi nikaenda nyumba iliyofuata. Lakini mabati yake yaliletwa, akaezekewa upya, wiki mbili kabla ya siku yenyewe.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, kama saa tisa alasiri. Wingu lilikuja likiwa na rangi ya chuma, na kuku wakaingia bandani wenyewe. Mwanzoni mawe yalikuwa kama kunde, na Bibi akacheka kwamba leo tumeletewa barafu bure. Kisha yakawa kama mayai. Sikuwa nimewahi kusikia kelele ya namna ile. Mama alikuwa ananipigia ukelele hatua mbili tu kutoka niliposimama, nami naona mdomo unafunguka bila sauti. Halafu bati la chumba cha Bibi likapasuka, na la pili, na la tatu.

Nilikimbia nikamkuta Bibi ameketi kitandani amejifunika beseni kichwani, mawe yakigonga beseni kama watu wanaobisha hodi. Jiwe moja lilikuwa limempata begani. Nilimvuta, naye njia nzima analalamika kwamba ndala yake moja imebaki. Tukaingia sote watatu chini ya meza yako, ile ya mbao nzito ambayo Mama kwa miaka kumi na mmoja ameiita kaburi kwa sababu inamzibia mlango. Tulikaa pale chini tumeshikana mpaka ikawa kimya. Meza haikutikisika, Baba. Sasa Mama anaifuta kila asubuhi kabla hajafuta kitu kingine, na siku moja nilimsikia akiiambia asante.

Bega la Bibi lilivilia damu tu, na daktari alisema mfupa ni mzima. Mvua ilipokoma, mtu wa kwanza kuingia uani alikuwa yule mshonaji, amevaa viatu viwili visivyofanana. Alimbeba Bibi mgongoni akampeleka kwake, na mpaka leo tunalala kwenye chumba chake cha kushonea, katikati ya magauni ya watu. Jirani mwingine, kinyozi, alileta turubai. Mwalimu wangu alikuja akazoa barafu kwa koleo. Mshonaji alininong'oneza kwamba kama si fomu yangu, naye angekuwa uani anatafuta pa kulala, kisha akaniomba radhi kwa maneno yale ya dhahabu. Nilishindwa kumtazama. Alidhani ni haya zangu za kawaida.

Hazikuwa za kawaida. Mama alikwambia kwamba mawe yalikuwa makubwa mno, hakuna paa ambalo lingestahimili. Anaamini hivyo kwa sababu sikumwambia kitu. Nyumba yetu ilikuwa mstari wa kumi na saba katika orodha. Nilipanda, Baba. Niliyaona mabati manne ya chumba cha Bibi, yale ya masalio uliyotoka nayo kwenye kazi za watu, na viraka vya lami ulivyobandika baada ya mawe ya mwaka ule mwingine. Nilibonyeza kwa kidole gumba, bati likabonyea. Nikashuka, nikaketi kwenye meza yako, nikaandika “imara”. Kwenye fomu kuna nafasi ya kazi ya mwenye nyumba. Sikuweza kuandika “fundi paa” na “dhaifu” kwenye mstari mmoja, ofisi nzima isome.

Kwa hiyo hatukuletewa mabati, na Bibi alilala chini ya paa nililolijua.

Juzi nilikwenda ofisini. Nilisimama mlangoni muda mrefu mpaka mfagiaji akaniuliza kama kuna mtu aliyenisahau hapo kama mwavuli. Nikamweleza Bwana Ramani yote. Aliuliza atajuaje kwamba mistari mingine arobaini na miwili ni ya kweli. Nilimwambia apande mwenyewe. Tulizunguka naye nyumba sita ambazo mawe hayakuzigusa, akapanda, akakuta nilivyoandika ndivyo. Hakuninyang'anya kalamu. Alisema kosa linarekebishika, nyumba yetu inaweza kuingia kwenye mgao wa mwezi ujao, lakini sharti mwenye nyumba mwenyewe akiri kwa sahihi yake kwamba paa lilikuwa dhaifu kabla ya mawe kuanguka.

Fomu hiyo nimeikunja ndani ya barua hii. Mstari wa kumi na saba nimeuandika upya: fundi paa, dhaifu. Mahali pa sahihi nimeweka alama ndogo ya penseli. Najua ninachokuomba, Baba. Umeezeka nyumba za watu wengi kiasi kwamba hukubakiwa na siku ya kuezeka yetu, na mimi sioni aibu katika hilo tena. Nilichokionea aibu ni bega la Bibi. Nisamehe.

Bibi anakusalimu sana. Anasema mabati mapya yakija hataki mtu mwingine ayapigilie misumari ila wewe, na ndala yake imeonekana. Mama anakusalimu, na meza pia. Mshonaji anauliza kama kiuno chako bado ni kilekile, maana kuna suruali anakushonea.

Ni mimi mwanao, uliyenipa jina la utani,
Kimya