Nafasi ya Chonge

Jumatano, 12 Januari 1994
Leo nimeng'oa jino zima. Halina tundu, halina doa. Ni la Fortunata wa Pito, miaka kumi na mitatu. Chonge lake la kulia limeota juu kwenye fizi, nje ya mstari, kwa kukosa nafasi. Basi nimetoa gego dogo la jirani. Mama yake aliligeuzageuza kwenye kisahani, akauliza ubovu uko wapi. Nikamwambia benchi la kanisani likijaa, mmoja asipoinuka mwingine hakai. Akacheka. Siku hizi kila kitu kinauzwa, akasema, hata kunyoosha meno! Kweli. Miaka michache nyuma nani angeniruhusu kufungua chumba changu mwenyewe cha meno hapa mjini?
Nimepima pengo kwa bikari ya shule: milimita saba. Chonge nalo ni saba. Hakuna cha ziada.

Jumatatu, 24 Januari
Pleti ya kunyooshea meno imekaa! Plastiki nimeimimina mwenyewe. Waya umekatika mara mbili. Inashikilia magego ya nyuma, na springi inasukuma chonge lielekee kwenye pengo. Polepole — ukizidisha nguvu, chonge linagoma na magego ndiyo yanakuja mbele. Kinachosukumwa nacho husukuma. Wengi huharibu hapo, mwalimu wa semina alituonya.
Nimemwambia Fortunata avae usiku na mchana, avue wakati wa kula na kusafisha tu. Nikamtania: utakuwa mrembo, Sumbawanga nzima itakoma! Akaziba mdomo kwa kiganja. Mengine sikueleza. Foleni ilikuwa ndefu.

Jumatatu, 14 Februari
Limesogea. Milimita moja! Nimepima mara tatu, siamini. Anasema asubuhi linauma kidogo. Safi, ndivyo inavyotakiwa. Springi nimeikaza kidogo. Arudi baada ya wiki nne.

Jumatatu, 14 Machi
Fortunata hakuja. Mvua tangu jana, njia ya Pito tope tupu. Baiskeli ninayo. Sikwenda.

Jumatatu, 28 Machi
Nimemkuta Mama Fortunata sokoni na ulezi wake. Mtoto hajambo, anasema, na jino haliumi tena hata kidogo. Nikafurahi. Nimenunua nusu debe.

Jumanne, 5 Aprili
Wamekuja wote wawili, bado na nguo za Pasaka. Pleti imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Safi, kavu. Nilijua kabla hajafungua mdomo.
Haiingii.
Nikauliza tangu lini. Tangu Jumatano ya Majivu! Katekista Zenon aliwaambia wanafunzi wake kila mmoja amtolee Mungu kitu anachokipenda kuliko vyote. Wenzake waliacha sukari, waliacha miwa. Yeye akaacha urembo. Kwaresima nzima, dokta, sijaivaa hata siku moja — na anasema kwa fahari, maskini. Mama naye akaongeza kwamba hata yeye alimsifu.
Hasira ilinipanda, ikakosa pa kwenda. Neno urembo nani alilileta? Si mimi? Ningewaambia tu kwamba meno hutembea, kwamba pengo lisiposhikiliwa linazibwa na ya nyuma. Dakika mbili za maelezo.
Bikari inasema pengo limebaki milimita nne. Chonge limerudi lilikotoka.
Kuyarudisha magego nyuma kunataka mkanda wa kuzunguka shingo na waya unaotokeza nje ya midomo, mwaka mzima. Nimeuona kwenye picha tu. Sijawahi kuutengeneza.
Nilikuwa nayaeleza hayo taratibu, Fortunata akanikatiza. Akauliza: kwa hiyo lile jino zima lilitoka bure? Mama akanigeukia. Nadhani mpaka hapo alikuwa hajaliwaza.
Nimewaomba wakae nje kwenye benchi, niandike faili. Faili ipo hapa mezani, sijaifungua. Naandika humu. Robo saa sasa. Mlango ni mwembamba, nasikia kila kitu. Mtoto analia. Mama anambembeleza kwa Kifipa: anyamaze, dokta anaangalia vitabuni, hawezi kukosa namna.