Kicheko Juu ya Ukuta

Jumatatu, 3 Juni
Nimefua mashuka na sketi za kazini. Bila tamthilia nisingefua. Beseni mlangoni, televisheni mezani, shingo imegeuka. Mama Hadija, mwenye nyumba, alikuja na ungo wake wa kunde, akakaa kitandani kwangu kama kila jioni. Anamtukana yule mama mkwe wa kwenye tamthilia kana kwamba anasikia. "Utaumbuka tu, mchawi we!" Mumewe alikohoa sana upande wa pili wa ukuta. Tukapunguza sauti.

Jumatano, 5 Juni
Mzee amefariki alfajiri. Wanaume wamempeleka Sindeni, kwao, kuzika. Mama Hadija ameanza eda, yuko chumbani na nguo nyeupe. Nimeifunika televisheni kwa khanga. Kazini niliomba ruhusa, karani mdogo mbele ya bosi. Hata ruhusa ya msiba naiogopa.

Alhamisi, 6 Juni
Kesho khitma. Wapangaji tumegawiwa kazi. Zuhura wa chumba cha jirani, akune nazi. Mimi nichambue mchele. Nikasema uani kuna upepo, nikaingia na beseni ndani. Uongo. Kulikuwa na kipande cha jana sijakiona. Nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari, hedifoni masikioni. Mama mkwe alijificha kabatini asikilize ya watu. Kabati likaanguka naye ndani. Nikacheka.

Ukivaa hedifoni hujisikii. Nilipozivua, uani kimya. Nyumba hii haina dari, sauti inapita juu ya kuta zote. Wanawake walikuwa wanasoma Yasini.

"Nani anacheka?" Bi. Mwanahamisi, dada wa marehemu.

Zuhura ndiyo kwanza alikuwa anatoka chumbani mwake. Mkono mmoja mbuzi ya nazi, mwingine simu.

"Kumbe wewe! Udongo wa kaka yangu haujakauka, wewe unachekeshwa na wanaume!"

"Wallahi si mimi, shangazi."

Nilikuwa nyuma ya mlango, mkono ndani ya mchele. Sikutoka.

Ijumaa, 7 Juni
Khitma. Zuhura aliwekwa kwenye masufuria machafu. Alipotaka kubeba sinia, Bi. Mwanahamisi akamzuia. "Mpeni karani agawe. Huyo kalelewa." Nikagawa. Nikasema asante. Kwa nini nilisema asante?

Sikula.

Jumamosi, 8 Juni
Bi. Mwanahamisi anataka Zuhura ahame kabla yeye hajarudi Sindeni. Zuhura ana mtoto mchanga, na meza yake ya chapati iko hapo nje barabarani. Kila mtu hapa Kwamndolwa sasa anajua alicheka msibani. Nani atampangisha?

Alinijia mchana. "Dada karani, wewe ulikuwa ndani. Hukusikia sauti imetokea wapi?"

Nikasema sikusikia, nilivaa hedifoni.

Akanitazama. "Hedifoni? Msibani?"

Angeweza kupiga kelele uani. Alinyanyua mtoto akaondoka. Mimi ni mwoga. Nimesoma, naandikia watu wazima barua nzuri, na ni mwoga.

Jumapili, 9 Juni
Sikwenda kanisani. Nilikwenda chumbani kwa Mama Hadija. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikamweleza yote, hadi kabati.

"Najua," akasema. "Kicheko chako nakaa nacho kila jioni, nisikijue?"

"Mbona hukusema, mama?"

"Nina msiba, mwanangu. Nilifikiri utasema wewe."

Heri angenipiga. Alimwita wifi yake na Zuhura, nikarudia mbele yao. Bi. Mwanahamisi alishika kiuno. "Na masinia yetu ukabeba!" Kila alichosema baada ya hapo ni haki yangu. Zuhura alisema na mtoto tu: "Twende tukalale, baba, nyumba bado ni yetu."

Hahami. Nangoja kuambiwa nihame mimi.

Jumatatu, 10 Juni
Bi. Mwanahamisi ameondoka. Aliaga vyumba vyote, changu akakiruka. Sijaambiwa nihame.

Jumanne, 18 Juni
Nimefua uani, kwenye jua, macho kwenye povu. Kazi ni ndefu kumbe. Madoa ya kola sikuwahi kuyaona. Zuhura alikuja bombani. Nikamsalimu, akaitikia, akaenda kuanika kwenye kamba ya mbali.

Jioni nilikuwa napiga pasi. Televisheni bado na khanga yake. Sauti ikaja juu ya ukuta.

"Karani."

"Abee, mama."

"Yule mwanamke wa kabatini. Aliumia?"

"Mkono tu, mama."

"Haya."

Kisha nikasikia kunde zikipepetwa kwenye ungo. Nikaendelea na pasi, polepole, mpaka zikaisha.