Plagi ya Mwisho

Morogoro, Jumatano usiku

Vidole bado vinanuka petroli. Tangu bahari ifungwe kwa vita hatupati plagi mpya za pikipiki, na hii ya mwisho nilikuwa nikiikwangua masizi kila asubuhi.

Jana mimi na bwana daktari ninayemwendesha tulitoka na pikipiki kumpelekea mdogo wangu Saidi kwinini, dawa ya homa yake, kule Matombo. Mlimani injini ikazima. Nilipoifungua plagi, kauri yake ilikuwa imepasuka.

"Hamna nyingine?" daktari akauliza.

"Hamna, bwana."

Tukatembea. Tulipofika, walikuwa wamekwisha kumzika.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Alikungoja. Kila upepo ukivuma aliniuliza kama ni pikipiki yako."

Pikipiki bado iko njiani. Sitaki kwenda kuichukua.